Weka Mkono Panapouma

Mume wangu alikaa vitani kutoka kiangazi mpaka masika bila kuumwa hata kidole, na hapo ndipo nilipojua kwamba kuna mtu anatudanganya.

Ambakisye namjua mimi. Ni mwanamume anayeweza kuinama kufunga kamba za viatu akainuka ameshika kiuno, kisha akakusimulia kiuno hicho mpaka chai ipoe. Akipigwa na mvua, mafua. Akila maharage, kiungulia. Simsemi kwa ubaya, maana mimi mwenyewe ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu ndoa yetu imedumu. Tangu tuoane tulikuwa na desturi yetu. Jioni, vyombo vikishaoshwa, tunakaa jikoni na kila mmoja anasema panapomuuma. Si magonjwa ya kupelekana hospitali, ni vile vijambo vidogo vya mwili ambavyo ukimwambia mtu baki atakuona wa ajabu. Mwenzako haruhusiwi kukushauri wala kukukatiza. Kazi yake ni kuweka mkono panapouma na kusema pole. Basi, inakuwa zamu yake. Binti yetu Tumpe alikuwa akituita gereji ya magari mabovu.

Tulifanya kazi moja, mimi na yeye, kwenye mashamba ya chai ya Rungwe. Tuliongoza mitambo ya kuchuma. Unavaa kofia, unawaza mkono usogee, na mkono wa mtambo unasogea kule mstarini. Kofia haichagui mawazo. Ukiwaza ugomvi wa jana, mtambo unasita, na majani mabichi yanakatwa pamoja na vijiti vyake. Kwa hiyo sisi wa chai tuna taratibu zetu. Fundi akifiwa, msimamizi humvua kofia kwa mkono wake mwenyewe, hata kama msimu umepamba moto, na mtu huyo haivai tena mpaka msiba uishe. Hatukuandikiwa na mtu. Tulijifunza siku mtambo wa mfiwa ulipopita juu ya mguu wa mwenzake.

Vita vilipokolea, jeshi likaja kutafuta watu waliozoea kofia. Hawakujali mvi. Walimchukua Ambakisye, wakamchukua na Gwakisa jirani yetu, wakawapa buibui, mashine za miguu mingi zinazotembea mbele ya askari na kufukua mabomu yaliyotegwa ardhini. Mawimbi ya kofia hayafiki mbali, kwa hiyo fundi hutembea karibu nyuma ya buibui wake, na wengine wanakanyaga alipokanyaga yeye. Buibui akisita pasipotakiwa, wote wanapotea.

Ndiyo maana wakatuwekea Chujio. Jina lake rasmi ni refu na lina neno utulivu ndani yake, lakini sisi watu wa chai tukaliita Chujio na hata maafisa wenyewe wakaishia kuliita hivyo. Unaingia kwenye kibanda pale ofisi ya ustawi wa askari, unazungumza mbele ya kamera, na Chujio linaondoa chochote kinachoweza kumsumbua mpiganaji, kisha linaziba pengo kwa sauti yako na uso wako, na ujumbe wa mpiganaji kuja nyumbani nao hupitia humo humo. Siku ya kuandikishwa walinikalisha kwenye kiti nisome maneno, nicheke, nikunje uso, nigeuke kushoto na kulia. Walinipiga picha kuanzia shingoni kwenda juu. Nikamuuliza yule kijana fundi wao, "Na huku chini je?" Akasema huku chini hakuna mtu anayezungumza nako.

Basi nilikuwa naingia kibandani kila wiki, namwambia baba Tumpe habari zangu. Nilimwambia juu ya gego langu la kushoto linalokataa maji baridi. Nilimwambia kwamba kisigino kimefanya magaga kwa unyevu wa viatu vya shambani, na gaga moja limepasuka mpaka linatoa damu. Nilikuwa najua wanachuja, ila nilidhani wanachuja mambo mazito. Majibu yakaja. Mimi mzima kabisa, mke wangu. Nafurahi kwamba na wewe u mzima kabisa. Hakuna kiuno wala kiungulia. Wala hakusema pole.

*

Sekela, mke wa Gwakisa, alikuwa na goti baya. Mawingu yakikusanyika tu, goti linamwarifu, naye anatuarifu sisi. Gwakisa alizoea kumsugulia goti hilo mbele za watu bila haya, na wanawake wa mtaa tukamtania Sekela kwamba goti haliumi, linadeka.

Masika haya Sekela alishikwa na homa akafa. Tulimzika mvua ikinyesha. Ofisi ya ustawi ilipelekewa taarifa siku hiyo hiyo, na tuliamini kwamba Gwakisa ameambiwa na amekataliwa ruhusa.

Baada ya arobaini, dada yake Sekela, Bupe, alikuja kwangu na simu ya marehemu mkononi. Alikuwa ameishika kwa kanga, kana kwamba ina moto. Akaniambia, "Dada, sikiliza hii halafu uniambie kama nimerukwa na akili."

Ilikuwa sauti ya Gwakisa, imekuja asubuhi ile. Alikuwa anacheka. Alisema amefurahi kusikia kwamba Sekela ameshapanda viazi, na kwamba wimbo aliomwimbia juzi umemfanya alale vizuri.

Bupe akaniuliza, "Juzi nani kamwimbia?"

Nilikaa chini pale pale kizingitini. Nilikasirika. Walikuwa wamemnyang'anya mtu msiba wake, wakamwekea mashine imwimbie. Halafu wazo la pili likanijia, na hilo lilinitisha zaidi. Kama Sekela aliyekufa anaweza kuwa mzima kabisa, basi mimi niliye mzima kabisa huko kwenye kioo cha Ambakisye natofautianaje naye? Na yeye, asiyeumwa kiuno, yuko wapi?

*

Kesho yake niliingia kibandani nikarekodi ujumbe ambao haukuwa na salamu, wala habari za shamba, wala habari za Tumpe. Ulikuwa maumivu matupu. Nilianza na gego nikashuka mpaka kisiginoni, sikuacha kitu njiani. Ujumbe ukarudishwa. Nikaurekodi tena. Niliendelea hivyo wiki nzima, mpaka yule kijana wa kibandani akawa akiniona anainama chini ya meza kutafuta kitu asichokipoteza. Mwisho nikaitwa juu kwa Kapteni Nyanzige, mkuu wa ofisi.

Alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, wa umri wa Tumpe, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Karibu mama, keti. Za nyumbani?"

"Salama tu, kapteni. Ila kisigino changu kinaniua."

Akatabasamu kidogo. "Nimekisikia hicho kisigino. Nimekisikia wiki nzima." Akanisogezea kiti. "Mama, sheria inaturuhusu kuondoa na kujaza, lakini angalau nusu ya ujumbe lazima ibaki maneno yako mwenyewe. Wewe unaleta ujumbe usio na cha kubakiza."

"Basi upelekeni ulivyo."

"Siwezi." Alisema hivyo bila ukali. "Chujio lilipokuwa jipya, likiachia mambo madogo yapite, alikuwepo fundi mmoja, hodari sana. Mkewe akamwambia mtoto ana kikohozi. Kikohozi tu, mama, na mtoto alipona. Lakini baba yake aliingia uwanjani na kikohozi hicho kichwani, buibui akasita mguu juu. Nyuma yake alikuwa kaka yangu."

Nilimpa pole, na nilimaanisha. Mimi ni fundi wa chai na nimeshaona kofia inavyofanya, sikuweza kumwambia kwamba anasema uongo. Nilijiuliza kama kweli mimi, kwa ajili ya gego, niko tayari kuzika mtoto wa mwenzangu. Lile swali halikuwa la kuchezea na sikulichezea.

"Na Gwakisa?" nikamuuliza. "Mkewe tumemzika, na nyinyi mnamwimbisha."

Akatazama mezani. "Gwakisa ndiye fundi aliyetulia kuliko wote tulionao."

"Ametulia kwa sababu anarudi kwa mtu ambaye hayupo. Siku akirudi, wewe ndiye utakayempokea stendi?"

Aligeuza kioo chake nikaona mistari miwili, mmoja umenyooka, mwingine umeshuka na kukatikakatika. "Huo ulionyooka ni wa Gwakisa. Huu mwingine ni wa mumeo. Kofia yake inatuambia hatulii tena. Ujumbe wako akiupata anauzima kabla haujaisha. Hali, halali. Kesho wanaingia Bonde la Chumvi na hatuna fundi mwingine wa kushika nafasi yake. Ndiyo maana nimekuita. Nataka umwone ana kwa ana, sasa hivi, umwambie u mzima. Umtulize."

Nikamtazama kuona kama anatania. "Kapteni, umemwambia mimi mzima tangu kiangazi. Ndicho kinachomuua."

"Mama, tafadhali. Ukisema usichotakiwa, Chujio litakurekebisha hapo hapo. Na nikiona mstari unashuka zaidi, nakata."

*

Ofisi ile zamani ilikuwa ghala la kahawa na bado inanuka magunia. Kapteni aliweka kamera ndogo mezani mbele yangu, kidole chake kikiwa juu ya swichi. Kioo kikubwa kilikuwa cha kumwona Ambakisye. Pembeni palikuwa na kidirisha kidogo, nikaonyeshwa kwamba ndivyo yeye anavyoniona mimi.

Akatokea. Mashavu yamejaa, macho yanang'aa, kama bwana harusi. Nilimtamani na nikamchukia papo hapo, kwa sababu mume wangu hajawahi kuwa na mashavu yale. Nyuma yake alikaa Gwakisa juu ya sanduku, anakula.

"Mama Tumpe," ikasema sauti yake. "Mimi mzima kabisa."

"Baba Tumpe, gego linaniuma, na kisigino kimepasuka."

Kwenye kidirisha nikajiona nacheka. Nikajisikia nikisema, "Nami mzima kabisa mume wangu, usiwe na wasiwasi." Ilikuwa sauti yangu hasa, hata ule mkwaruzo wa asubuhi waliuweka.

Ambakisye alikuwa bado anatabasamu, lakini mkono wake ulianza kunyooka kuelekea swichi ya kuzima. Uso ulikuwa wa Chujio, mkono ulikuwa wake. Nikaukumbuka ule mkono, nikamkumbuka na yule kijana aliyesema huku chini hakuna mtu anayezungumza nako.

Nilivua kandambili. Nikasukuma kiti nyuma, nikainua mguu, nikauweka mezani kwa kapteni, kisigino kikiwa usoni pa kamera. Mwanamke wa umri wangu na gauni langu la kanisani. Kapteni akasema "Mama!" kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, nami nikaupanua vidole ili uonekane vyema.

Chujio halikujua la kufanya na kisigino. Halikuwahi kufundishwa. Kwenye kidirisha kilionekana kilivyo, cheusi, kikavu, na lile gaga lililopasuka likiwa na damu pembeni, huku sauti yangu ikisema kwamba mambo yote ni mazuri.

Mkono wa Ambakisye ukasimama. Kisha ukaja mbele taratibu, ukakua mpaka ukajaza kioo chote. Aliweka kiganja pale pale palipo kisigino, akakiacha hapo.

Siwezi kueleza nilivyolia. Kidirishani nilikuwa nacheka.

Alipoondoa mkono, aligeuka akanipa mgongo, akapandisha shati, akabonyeza kwa dole gumba pale chini, upande wa kulia, pale pale pa siku zote. Nikauona mwili wake. Kumbe mume wangu amekonda. Mbavu zilikuwa zinahesabika chini ya ule uso wa bwana harusi. Niliteremsha mguu nikaweka mkono kwenye kioo, nikambonyeza kiuno, nikasema pole. Chujio likanisemea sijui nini. Hatukuwa tunalisikiliza tena.

"Mstari wake unapanda," kapteni akasema kwa sauti ndogo. "Unapanda, mama. Unanyooka." Kidole chake kilikuwa kimeondoka kwenye swichi.

Ningeweza kuishia pale. Ningerudi nyumbani mshindi na ningetembea na kisigino changu kama medali. Lakini Gwakisa alikuwa ameacha kula. Alikuwa ameona yote, na uso wake wa Chujio ulikuwa unachanua. Akasogea mbele kando ya Ambakisye, akapandisha suruali yake, akaonyesha goti. Akaligonga kwa kidole, akanielekezea mimi, akaligonga tena.

"Shemeji," ikasema sauti yake kwa furaha, "msalimie sana Sekela."

Nililielewa ombi lake. Mwambie na yeye aje. Mwambie aje anionyeshe goti.

Nikasikia kapteni akivuta pumzi. Nilikuwa na muda wa kuwaza mambo mawili tu, na niliyawaza yote mawili. Kesho anaingia bondeni, na nyuma yake watakuwa watoto wa watu, kaka za watu. Nikimwambia, huenda nawaua. Nisipomwambia, nitakuwa nimejiunga na ile mashine, nami nitakuwa namwimbia. Nikamtazama akiwa ameshika goti lake, anangoja, na sikuweza. Mtu ana haki ya msiba wake. Ni wake, haukuwa wa jeshi wala haukuwa wangu kumwekea.

Nikainua mikono yangu yote miwili nikaiweka kichwani.

Kila mtu kwetu anajua maana yake. Hata mtoto akiona mwanamke amesimama mlangoni na mikono kichwani haulizi kama kuna jambo, anauliza nani. Kidirishani lilikuwa jambo la kutisha. Nilikuwa nacheka meno yote nje, na mikono kichwani.

Gwakisa akaangalia. Akaliachia goti. Uso wake ukaendelea kuchanua, lakini mabega yakaanguka, na mwili wote ukashuka mpaka ukatoka kwenye kioo, ukabaki ule utosi wake. Sauti yake ikasema, "Mimi mzima kabisa, shemeji." Ambakisye akapiga magoti karibu naye. Kitu cha mwisho nilichoona ni kiganja cha mume wangu kikiwa kimewekwa katikati ya kifua cha Gwakisa, kimebonyezwa hapo.

Kapteni akakata.

*

Mstari wa Gwakisa ulikuwa umeanguka mpaka chini ya kioo.

"Unajua umefanya nini?" Kapteni Nyanzige alikuwa amesimama. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Unajua kesho ni nini?"

"Najua. Nimempelekea mtu habari ya kifo cha mkewe, kazi ambayo ilikuwa yako. Sasa iliyobaki ni yako. Mvueni kofia."

"Hakuna mtu mwingine wa—"

"Mvueni kofia. Sisi huku kwenye chai, kwa ajili ya majani tu, mfiwa hapandishwi kwenye mtambo. Anakalishwa, watu wanakaa naye. Nyinyi mna mabomu mnashindwa?"

"Mama, amri ya kesho haikutoka kwangu. Nikiisimamisha nitaulizwa. Na nitakachojibu ni kwamba mwanamke mmoja aliweka mguu mezani kwangu. Watakuja kukuchukua."

"Wanikute hapa hapa. Kisigino hiki hakinipeleki mbali."

Akakaa. Aliutazama ule mstari ulioanguka, kisha ule wa Ambakisye uliokuwa bado umenyooka juu yake. Nilidhani anawaza kazi yake, na labda ndivyo.

"Kaka yangu," akasema mwishoni, "walituambia baada ya msimu mzima. Mama alikuwa bado anapokea salamu zake."

Nilitamani kumwuliza panapomuuma, ila mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshakwenda shingoni, nyuma, chini ya kola. Nikavaa kandambili yangu, nikavuta kiti karibu na meza, nikakaa kama mtu aliyekuja kukaa matangani.

Akainua simu. Nilibaki, maana nilitaka kusikia atakavyosema.

"Fundi Gwakisa amefiwa na mkewe," akasema. "Mvueni kofia. Ndiyo, sasa hivi. Buibui wote wabaki kambini kesho." Akasikiliza. Upande wa pili mtu alikuwa anafoka. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na hapakuwa na kitu cha kuinyoosha. "Hapana, mkuu. Mimi si mzima. Andika hivyo hivyo."